Muulize Fundi wa Tovuti: "Kila nikigeuka kuna fremuweki mpya"

*Shikamoo dada Fundi. Nasoma chuo hapa Morogoro, mwaka wa pili. Nilianza na React, nikaambiwa imepitwa na wakati, nihamie Svelte. Nilipokwenda field, kaka mmoja ofisini akasema Next.js ndiyo habari ya mjini, mwenzake akacheka akasema htmx inatosha. Sasa mjomba wangu mwenye duka la vipuri vya pikipiki anataka tovuti. Nishike ipi? — H., Morogoro*

Marahaba mdogo wangu. Hongera kwa kazi, ila chukua nusu ya malipo mapema. Wajomba ni wateja wagumu. Kwa msomaji mgeni: fremuweki ni mifupa ya programu iliyokwisha kuandikwa, nawe unajengea tovuti yako juu yake. React, Svelte na Next.js ni za aina hiyo.

Huyo aliyesema React imepitwa, sijui anatafuta kazi wapi. Facebook waliifungulia umma mwaka 2013, na hadi leo ndiyo ninayoiona mara nyingi kwenye matangazo ya kazi. Kilichozeeka ni namna ya kuanzisha mradi wake. Wengi tulifundishwa create-react-app, na Februari 2025 wenyewe wa React walisema isitumike tena kwa miradi mipya. Kwa hiyo ukifuata video ya mwaka 2020 utakutana na maonyo tele, ukadhani tatizo ni wewe.

Ukiishika React, anzia na Vite, chombo cha kuanzisha mradi na kuuonyesha kwenye kivinjari unapouandika. Aliianzisha Evan You mwaka 2020, yuleyule aliyetengeneza Vue, fremuweki nyingine, na katika vyombo vipya vyote hiki ndicho nilichokipenda bila masharti. Unabadilisha rangi ya kitufe, unahifadhi faili, ukitazama kivinjari tayari rangi ni mpya. Ukiwa kazini haikusanyi mradi mzima kwanza. Inakiacha kivinjari kiombe chenyewe faili kinazohitaji, moja moja. Kwa laptop zetu hizi za mtumba zinazonguruma kama mashine ya kusaga, hiyo ni nafuu kubwa.

Next.js, iliyojengwa juu ya React, ni nzuri ukishaiva. Shida yake kwa anayeanza ni kwamba kipande kimoja kinaendeshwa kwenye seva na kingine kwenye simu ya mteja, na vyote vinakaa folda moja. Utaandika mstari unaosoma upana wa skrini, kisha utaambiwa "window is not defined". Seva haina dirisha wala skrini, lakini nani alikwambia mstari wako unaendeshwa huko? Nimeona vijana wenye akili wakikesha hapo.

Svelte ya Rich Harris, iliyotoka 2016, inatafsiri kazi yako kabla haijamfikia mteja, hivyo kinachoshuka kwenye simu ni chepesi. Zamani uliandika `let idadi = 0` na ikatosha. Tangu toleo la 5, Oktoba 2024, unaandika `let idadi = $state(0)`. Wapo walionuna. Mimi naona ni sawa: mradi ukikua, unataka kuona waziwazi kipi kinabadilika na kipi kimetulia.

Haya, turudi kwa mjomba. Wateja wake ni bodaboda. Wanafungua linki ya WhatsApp wakiwa kijiweni, simu ina RAM ya GB 2, bando ni la siku. Wanataka kujua kama cheni ipo, bei yake, na namba ya kupiga. Basi. React pamoja na react-dom, sehemu yake inayochora ukurasa kwenye kivinjari, kabla hujaandika herufi yako hata moja, ni zaidi ya KB 40 zikiwa zimebanwa, na zikishashuka simu bado ina kazi ya kuzisoma na kuziendesha. Hiyo kazi ya pili ndiyo inayoitesa simu ndogo, na kwenye laptop yako huwezi kuihisi.

Ningekuwa wewe ningetumia Laravel, fremuweki ya lugha ya PHP inayoendeshwa kwenye seva, au hata PHP tupu, kwa sababu hosting za bei ya chini tunazonunua hapa karibu zote zinaiendesha. Juu yake weka htmx, chombo kidogo kinachoomba vipande vya ukurasa kutoka kwenye seva, ambacho haifiki hata KB 20 ikibanwa. Bodaboda akigusa "Tairi", kitufe chenye `hx-get="/vipuri?aina=tairi"` na `hx-target="#orodha"` kinaiomba seva orodha hiyo tu, nayo inarudisha HTML iliyokwisha kupikwa. Ukurasa haupakiwi upya. Mtengenezee mjomba na ukurasa wa kubadilisha bei kwa simu yake, la sivyo atakupigia kila tairi likipanda.

Kabla hujamkabidhi, bonyeza F12, ingia Network, punguza kasi hadi 3G, kisha pakia ukurasa. Soma namba iliyo chini kabisa. Ikikushtua, usiilaumu fremuweki kwanza, tazama picha. Watu wanabishana React na Svelte hadi mishipa inawatoka, na juu ya ukurasa wao kuna picha ya MB 5 iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera. Ipunguze, ihifadhi kwa WebP, aina ya faili nyepesi ya picha, na zile za chini ziwekee `loading="lazy"` ili zisishuke hadi mtu azikaribie.

*Asalaam aleikum. Nikiandika npm install naletewa mamia ya vifurushi nisivyovijua. Ni salama? — Kijana wa Kisauni, Mombasa*

Waaleikum salaam. Wasiwasi wako una msingi. npm ni ghala la vifurushi vya JavaScript vilivyoandikwa na wengine, na kila kifurushi huja na vingine kinavyovitegemea. Machi 2016 kifurushi cha left-pad, chenye mistari 11 tu, kiliondolewa na miradi kibao duniani ikagoma kujengeka. Septemba 2025 mwenye vifurushi maarufu kama chalk na debug alitumiwa barua pepe ya kitapeli, akaunti yake ikatekwa, na matoleo yenye sumu yakasambazwa. Hifadhi package-lock.json yako, faili inayorekodi toleo la kila kifurushi, na kwenye seva tumia `npm ci`, inayosakinisha matoleo hayohayo. Kisha punguza mahitaji: dirisha ibukizi halihitaji kifurushi, maana `<dialog>` ipo kwenye vivinjari vyote vikubwa tangu 2022.

*Dada, akili mnemba inaniandikia kila kitu. Bado nahitaji kujifunza hizi fremuweki? — Mvivu, Dodoma*

Iagize kipande cha Svelte uone. Mara nyingi itakupa `export let` na `on:click` za zamani badala ya `$props()` na `onclick`. Ukiitaka Tailwind, fremuweki ya kupamba kurasa kwa CSS, itakuandikia faili ya mipangilio ya toleo la 3, wakati la 4, la Januari 2025, limehamishia mipangilio hiyo ndani ya CSS. Inajibu bila kusita, na asiyejua hatagundua. Itajie toleo unalotumia, ibandikie na ukurasa husika wa mwongozo rasmi. Huo ukurasa, bwana Mvivu, utausoma wewe kwanza.