Jenerali asikizwe, lakini asiachiwe uamuzi

Mwanangu,

Salamu kutoka Lanet, sote tu wazima. Uliniuliza kwa nini serikali ikiwa vitani isiwaachie majenerali waamue, maana ndio waliosomea kazi hiyo. Mimi sikubali. Wasikizwe, tena mapema, ila uamuzi usiwe wao.

Chukua Oktoba 1962. Wasovieti walikuwa wamepeleka makombora ya nyuklia Cuba kwa siri, na wakuu wa majeshi ya Marekani wakamshauri Rais Kennedy ashambulie kwa ndege, kisha kisiwa kivamiwe. Jenerali Curtis LeMay alilishikilia hilo kweli kweli. Hawakuwa wajinga, kulipua makombora walikujua. Lakini Kennedy alikuwa anawaza Khrushchev, kiongozi wa Wasovieti, atalipiza vipi na wapi, na hilo halifundishwi kambini. Akatuma manowari zizibe njia ya baharini, mazungumzo yakaendelea, na tarehe 28 Khrushchev akakubali kuyaondoa. Miaka mingi baadaye ndipo ikajulikana kwamba kisiwani mlikuwa pia na silaha ndogo za nyuklia za kuwapiga askari ambao wangetua ufuoni. Waliotaka uvamizi hawakulijua hilo. Nikilifikiria, mwili hunisisimka.

Kiongozi asiyeambilika naye ni msiba. Hitler aliwakatalia majenerali wake jeshi lililozingirwa Stalingrad, mji wa Wasovieti, lisirudi nyuma, na kufikia Februari 1943 askari wapatao 91,000 walikuwa wametekwa. Wengi hawakurudi kwao.

Hapa kwetu Kenya, Kifungu cha 240 cha Katiba kinampa Mkuu wa Majeshi kiti kimoja kati ya tisa katika Baraza la Usalama wa Taifa, pamoja na Rais, mawaziri, Mwanasheria Mkuu na mkuu wa ujasusi. Naona ni sawa kabisa.

Unajua duka langu liko karibu na kambi. Jeshi letu lilipoingia Somalia Oktoba 2011, wake wa askari walikuja kununua unga, simu wameiweka kaunta, hawaibandui macho. Sikusikia hata mmoja akiuliza kama mizinga imelenga vizuri. Waliuliza waume zao watarudi lini. Jenerali hawezi kuwajibu peke yake, kwa sababu wa kusema vita basi ni yule tuliyempigia kura, na ndiye tutakayemdai majibu. Nataka swali la akina mama wale liulizwe mezani, mbele ya wote tisa, kabla lori la kwanza halijatoka getini.

Mamako