Windows Mpya Ikikataa Programu ya Zamani, Anza na Data

Mwaka jana mhasibu wa Sacco moja hapa Arua alinipigia simu asubuhi, sauti imemkauka: "Mwanangu, kompyuta mpya imekataa vitabu vyetu." Ile ya zamani, ya Windows XP, iliungua siku umeme uliporudi kwa kishindo. Wakanunua nyingine yenye Windows 11, wakaweka folda waliyokuwa wakiihifadhi kwenye flashi kila Ijumaa, wakabofya. Ikagoma. Nilipofika, wanachama walikuwa wamejaa kwenye benchi, vitabu vya akiba mkononi.

Programu yenyewe iliandikwa kwa Clipper, lugha ya enzi za DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows. Haikuwa na kosa lolote. Ni ya biti 16, yaani imeandikwa kwa kompyuta za kizazi cha zamani, na Windows ya biti 64 haina sehemu iliyokuwa ikiendesha programu za DOS. Windows 10 ilikuwa bado na toleo la biti 32 ambamo sehemu hiyo ungeweza kuiwasha. Windows 11, iliyotoka 2021, ni ya biti 64 tu.

Ndiyo maana mimi siulizi lugha ina umri gani. Nauliza imeegemea nini. Visual Basic 6, lugha nyingine ya zamani, ni ya 1998, na Microsoft iliacha kuhudumia zana yake ya kuandikia Aprili 2008. Hata hivyo programu zake zinafunguka kwenye Windows 11, kwa kuwa mafaili ya msingi inayoyategemea bado yamo ndani ya Windows. Moja ikigoma, mara nyingi kuna faili la OCX, kijenzi ambacho programu hukiazima, lililosahaulika kwenye mashine ya zamani. Liweke ndani ya SysWOW64, si System32, kisha lisajili kwa amri ya regsvr32 ukiwa na ruhusa za msimamizi. Kosa la folda hizo mbili liliwahi kunila siku nzima.

Pale Sacco sikuigusa programu kwanza. Nilinakili mafaili ya DBF, yanayobeba data yenyewe, kwenye flashi mbili, nikafungua nakala moja kwa LibreOffice Calc. Majina, hisa, akiba, mikopo, vyote vikatokea. Mama mhasibu akainama, akaweka kidole kwenye mstari wa mzee mmoja aliyekuwa benchi ya mbele, akaomba kitabu chake. Salio lilikubaliana hadi shilingi ya mwisho. Akavuta kiti, akakaa. Mpaka hapo alikuwa amesimama tu.

Ukiwa na data mkononi, unaweza kufikiri kwa utulivu. DOSBox, programu inayoigiza kompyuta ya DOS, ilitufungulia ripoti za nyuma, lakini imetengenezwa kwa ajili ya michezo, kwa hiyo nilikataza mtu kuingiza malipo humo. Bahati nzuri aliyeiandika programu aliacha mafaili ya PRG, yenye msimbo alioandika kwa mkono wake, na Harbour, kikusanyaji cha bure, hugeuza msimbo wa Clipper kuwa programu ya Windows ya leo. Bila PRG tungeandika upya kila kitu. Kama una programu ya namna hii, yatafute leo, mwandishi wake akiwa bado anapokea simu.

Kilichotusumbua zaidi ni printa ya utepe. Programu ilikuwa ikituma risiti moja kwa moja LPT1, tundu la zamani la printa, na kompyuta mpya haina tundu hilo. Tulinunua kebo ya USB, tukaishiriki printa kwenye mtandao, tukaielekeza LPT1 huko kwa amri ya net use. Risiti ya kwanza ilitoka Alhamisi jioni.