Onyesha Kazi Ikiwa Bado Mezani

Makala iliyonipatia kazi yangu ya kwanza ya maana ya uchoraji haikuwa na mchoro hata mmoja. Ilikuwa na picha ya karatasi iliyokunjwa mara tatu. Niliipiga kwa simu juu ya kaunta ya stesheneri ya Kariakoo, ambako mchana nilikuwa nachapa barua za watu na kutoa kopi.

Wiki ile nilikuwa nimemsindikiza mteja kiwandani kupeleka kitabu chake cha watoto kikapigwe chapa. Kilikuwa na kurasa 20. Mzee wa mashine alikitazama, akamwambia mteja kuwa kurasa nne zitamgharimu kuliko anavyodhani. Nikamwomba anieleze. Akachukua karatasi, akaikunja mara tatu, akanipa nihesabu: majani manane, kurasa 16. Karatasi kubwa inayopita mashineni hubeba kurasa nane mbele na nane nyuma, kisha hukunjwa. Ndiyo maana vitabu vingi vya watoto vina kurasa 16, 24 au 32. Zile nne zinazozidi lazima zipitishwe peke yake. Na kitabu cha kubanwa pini katikati hakiwezi kuwa na kurasa 18, kwa sababu kila karatasi inayokunjwa katikati inazaa kurasa nne.

Usiku huo nikaandika yote niliyoyaelewa, kwa Kiswahili, kwenye blogu yangu iliyokuwa ikisomwa na dada zangu wawili na rafiki mmoja wa Tanga. Miezi kadhaa baadaye mwanamke mmoja nisiyemjua, anayepanga kurasa kwa mchapishaji wa vitabu, alikuwa anabishana na mwandishi juu ya idadi ya kurasa. Akatafuta mtandaoni, akaikuta ile makala, akamtumia mwandishi. Kisha akaendelea kushuka chini, akaiona michoro yangu. Akanipigia simu siku hiyo hiyo.

Nimeianza habari kwa mkia wake kwa sababu vijana wengi wanaoniuliza "dada, ulitokaje?" wanadhani nilichora picha moja nzuri mno, mtu mkubwa akaiona. Kwa miaka miwili kabla ya hapo nilikuwa nikiweka michoro iliyokamilika kwenye mtandao wa kijamii. Nilipata "safi sana" nyingi. Sikupata kazi.

Sababu yake niliielewa baadaye, nilipoanza kukaa na wahariri. Mtu mwenye kazi mkononi ana maswali ambayo mchoro uliokamilika hauwezi kuyajibu. Huyu atamaliza kwa wakati? Anajua rangi ya kwenye skrini hubadilika ikifika kwenye karatasi? Nikimwambia arudie ukurasa wa tano atarudia, au atanuna? Anaajiri mtu atakayeishi naye miezi mitatu, na hajawahi kumwona akifanya kazi. Mwonyeshe, basi.

Kwa hiyo onyesha kazi ikiwa bado mezani. Weka michoro ya awali ya penseli, hata ile uliyoiacha, na useme kwa nini uliiacha. Makala yangu moja iliyosomwa sana inahusu kosa. Nilipewa hadithi inayotokea Kondoa, mkoani Dodoma, nami mtoto wa pwani nikajaza minazi nyuma ya kila nyumba. Mhariri akaniuliza kwa upole kama nimewahi kufika Dodoma. Nikaenda kuwauliza watu wa huko wanaoishi Dar, nikajifunza mibuyu, ardhi nyekundu na mapaa bapa ya nyumba za tembe, nikachora upya kurasa sita. Nikaandika safari nzima, mchoro wa kwanza na wa mwisho zikikaa pamoja, baada ya kumwomba mhariri ruhusa na baada ya kitabu kutoka. Watatu kati ya wateja wangu wa leo walinitajia makala ile walipopiga simu mara ya kwanza.

Ruhusa usiisahau. Kazi ya mteja ambayo haijatoka si yako kuionyesha, hata kama mkono ni wako.

Na andika kwa Kiswahili. Ndesanjo Macha alipoanza kublogu kwa Kiswahili mwaka 2004, na Muhidin Issa Michuzi alipofuata mwaka 2005 na picha zake, wasomaji walikuja kwa sababu walikuta mambo yao yanasemwa kwa lugha yao. Michuzi alikuwa mpiga picha wa gazeti, mwenye kazi na marafiki wengi tayari. Blogu ikazipa picha zake nyumba ambayo hata Mtanzania aliye ng'ambo angeweza kuingia. Katika fani yangu uhaba bado ni mkubwa. Jaribu kutafuta kwa Kiswahili namna ya kuandaa mchoro kwa ajili ya chapa, au namna ya kupanga bei ya jalada. Utapata kidogo sana. Ukiandika kimoja kati ya hivyo vizuri, anayetafuta atafika kwako kwa sababu hana pengine pa kwenda.

Nasema nyumba kwa makusudi. Ule mtandao wa kijamii niliokuwa nikiweka michoro ulinifungia akaunti siku moja bila maelezo. Michoro ya miaka mitatu ikapotea pamoja na majina ya watu waliokuwa wakinifuata. Nililia, kusema kweli. Tangu hapo mitandao naitumia kama kibaraza: napita, nasalimia, namwelekeza mtu nyumbani. Kazi yenyewe inakaa kwenye tovuti yangu, na nakala kwenye diski ninayoiweka kwa mama.

Hapa Tanzania nyumba hiyo ina sheria zake. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu kusajiliwa TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na ada zake zilijumuisha shilingi 100,000 za maombi na milioni moja ya leseni kwa mwaka. Mapato yangu ya uchoraji kwa mwaka mzima hayakufika hapo. Niliifunga blogu, kama wengi walivyofanya. Kanuni zimebadilishwa tangu wakati huo, mwaka 2020 na tena 2022, kwa hiyo usifuate maneno ya mtaani wala haya yangu. Soma kanuni za sasa kwenye tovuti ya TCRA kabla hujafungua chochote.

Kipindi kile cha kufunga kilinifundisha kitu ambacho nisingejifunza kwa njia nyingine. Nilichukua anwani za barua pepe za watu 40 niliokwisha kufanya nao kazi au kukutana nao, nikaomba idhini yao, nikaanza kuwatumia barua moja kila mwezi: nilichochora, nilichojifunza, picha mbili. Picha nilizipunguza zisizidi KB 200, maana msomaji anazifungua kwa bando lake. Wale 40 walinipa kazi kuliko maelfu wa zamani. Barua ile naiandika hadi leo.

Sasa koneksheni. Neno hili mjini limebeba harufu ya mjomba aliye ofisini, na vijana wasio na mjomba hukata tamaa mapema. Mimi sikuwa na mjomba. Nilichofanya ni kuacha kuwakimbilia wakubwa. Mkurugenzi wa kampuni ya uchapishaji anapokea vitabu vya michoro kutoka kwa wageni kila wiki. Hana nafasi ya kukukumbuka. Anayekukumbuka ni mpanga kurasa, ni fundi wa mashine, ni mhariri msaidizi aliyeanza kazi mwaka jana, ni mchoraji mwenzako aliyezidiwa na kazi. Hao ndio wanaoulizwa "unamjua mtu?" saa kumi jioni wakati mchoraji wa kwanza amekimbia na malipo ya awali. Nikihesabu kazi zangu za miaka mitano iliyopita, karibu zote zilipita mikononi mwa watu wa aina hiyo. Yule mhariri msaidizi naye hakai msaidizi milele.

Mkono mtupu haulambwi, wazee walisema, na nimeuona ukweli wake katika jambo hili. Nilipoanza kwenda kwenye maonyesho, Nafasi Art Space kule Mikocheni na kwenye vituo vya utamaduni vya Upanga, nilikwenda na kadi za biashara 50. Nilizigawa zote, hakuna aliyepiga. Safari iliyofuata nilikwenda saa mbili kabla ya ufunguzi, nikauliza kama kuna la kusaidia. Nikashika ngazi, nikabandika majina ya picha ukutani. Wakati wageni wanaingia nilikuwa nimeshakula chapati na wasanii wanne, na mmoja wao ndiye aliyenipeleka kwa mteja aliyenilipa ada ya kwanza ya shule ya mwanangu. Usiende kuomba. Nenda ukiwa na la kufanya.

Baada ya kukutana na mtu, mwandikie ndani ya siku mbili, mistari mitatu. Mkumbushe mlichoongea na umpe kitu: jina la duka lenye karatasi aliyokuwa anaitafuta, kiungo cha makala, chochote. Usimwombe kazi katika ujumbe huo. Kwa mtu mzima anza na shikamoo yake; barua inayoruka salamu na kwenda moja kwa moja kwenye "naomba fursa" huwa inafungwa hapo hapo. Mzee wa mashine bado nampelekea nakala ya kila kitabu kinachotoka. Mwaka juzi alimwambia mteja aliyemletea michoro mibovu, "mpigie binti yangu mmoja."

Kuonyesha kazi hadharani kuna hasara yake. Kampuni moja ilichukua mchoro wangu na kuuchapa kwenye kalenda bila kuniuliza. Kilichoniokoa ni michoro ya awali niliyokuwa nimeweka hatua kwa hatua, kila moja na tarehe yake, miezi mitano kabla ya kalenda. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi ni yako tangu unapoiumba. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya taifa, si sharti la kuimiliki, ila kunarahisisha ushahidi. Nilipeleka barua, tarehe na picha. Walilipa, bila kuomba radhi.

Wapo pia watakaokuambia uwachoree bure kwa sababu "utajulikana". Bure nafanya kwa niliyemchagua mwenyewe: shule ya msingi niliyosoma, msanii mwenzangu anayezindua kazi yake ya kwanza. Anayeniambia nitajulikana namtumia ankara.

Barua ya mwezi huu nimeshaianza. Inahusu namna ya kuchora mvua kwa rangi za maji bila karatasi kuvimba, na nusu yake nimefundishwa na kijana wa miaka 19 aliyeniandikia kutoka Mbeya akiomba ushauri. Nimemwomba ruhusa nitaje jina lake na niweke michoro yake mitatu. Watu 212 wataiona Jumatatu asubuhi, na tisa kati yao, kwa hesabu yangu, wanatafuta mchoraji sasa hivi.