Kontroli Yako Imeshapata Homoni

Wadogo zangu wa benchi la seli za ini, grafu ile imerudi tena. Nguzo mbili zenye kimo kimoja, moja ya kontroli, yaani seli zisizoongezwa homoni, nyingine ya deksamethasoni, homoni ya kutengenezwa ya kundi la glukokotikoidi, na chini yake mtu kaandika bila haya kwamba glukokotikoidi haziongezi metalothioneini, ile protini inayoshika metali kama zinki. Naandika sasa, kabla mkutano wa maabara haujanipandisha presha.

1. Someni kilichomo kwenye midia, maji ya lishe ya kukuzia seli. Bila glukokotikoidi, hepatosaiti, yaani seli za ini, za panya hupoteza umbo na kazi zake upesi, ndiyo maana midia zake hutiwa deksamethasoni, mara nyingi nanomola 100. Kiasi hicho kinatosha kukishibisha kipokezi, protini ya seli inayoipokea homoni. Ukiongeza mikromola moja juu yake, unamwagia maji mtu aliyekwisha lowa.

Hili nililijua kwa aibu. Nilikuta chupa kwenye friji imeandikwa "midia kamili", nami nikaridhika na hilo neno kamili. Metalothioneini ya kontroli ikawa juu tangu mwanzo. Nikashuku kila kitu isipokuwa chupa: nikabadilisha kingamwili, nikamlaumu aliyetenganisha seli, nikamwaga stoku nzima ya homoni. Mwishowe nikaanza kulipenda kosa lenyewe. Nikasimama mbele ya maabara nzima na nadharia yenye mishale ya rangi, kwamba seli za HeLa, zile za saratani ya binadamu zinazokuzwa maabara, huitikia homoni lakini ini limeshaizoea. Na hapo watafiti Failla na Cousins walikwisha onyesha mwaka 1978 kwamba glukokotikoidi huzifanya hepatosaiti za panya zivute zinki zaidi. Mwaka 1984 Karin na wenzake wakaonyesha, kwenye jeni ya binadamu ya metalothioneini IIA, mahali kipokezi kinaposhika, tofauti na panapoitikia metali. Mimi nikawapinga wote kwa chupa ya friji.

Fundi wa maabara, dada asiyependa maneno mengi, akauliza: "Mdogo wangu, hiyo midia alichanganya nani?" Resipe ilibandikwa ndani ya mlango wa friji niliyokuwa nikiifungua kila asubuhi. Deksamethasoni ilikuwamo, kwa herufi kubwa. Msimamizi wangu hakunigombeza. Aliomba tu slaidi ya mishale isifutwe, na hadi leo wageni wakija huitoa.

Wala msirukie upande wa pili kama nilivyofanya baadaye, kuiondoa homoni tangu siku ya kwanza na kubaki na seli zilizonyong'onyea. Ziacheni zishike pleti zikiwa nayo, zioshwe, zilale usiku bila homoni, ndipo jaribio lianze.

2. Zinki. Metali huiamsha jeni ya metalothioneini kwa mlango wake, protini ya MTF-1 inayohisi zinki. Homoni ina kipokezi chake. Lakini kwa kuwa homoni huongeza uvutaji wa zinki, milango hiyo huchanganyikana msipoipima zinki ya midia. Insulini ya chupa kwa kawaida huja na zinki. Seramu ina zinki na steroidi pia: mkaa huondoa steroidi, metali zinataka Chelex, resini inayozinasa. Mpira wa glavu nao una zinki! Tulikuwa na kijana ambaye kontroli zake zilipanda siku za zamu yake tu. Tukamsema sana, maskini, hadi tulipopima maji yaliyosuuza glavu zake.

3. Msiisake metalothioneini kwenye nanomita 280, mwanga wa kupimia protini. Haina asidi amino zenye pete, zinazofyonza mwanga huo, na sisteini zake 20 hazitawasaidia hapo. Kwenye safu ya Sephadex, inayotenganisha protini kwa ukubwa, hutoka kama protini ya kilodaltoni 10, ingawa ina 6 hadi 7. Msiitupe fraksheni hiyo.

4. Ukiandika "steroidi", taja ipi. Mifepristoni, inayokizuia kipokezi, iwepo kila mara. Ethanoli ya kuyeyushia homoni iwekwe kwenye kontroli pia.

5. Wa panya hai: hofu na njaa peke yake hupandisha metalothioneini ya ini, maana mnyama hujitengenezea kotikosteroni, glukokotikoidi yake, mwenyewe. Wazoesheni kushikwa, na wachinjwe saa ileile. Aliyemkimbiza panya chini ya meza, akamtoa kwa mpini wa ufagio, kisha akaandika "kontroli, bila homoni" kwenye tyubu, anajijua. Tyubu ziko friza, rafu ya chini. Jina aje abadilishe mwenyewe.