Ujifungulie Ujerumani au ubaki kwa mama Kibosho?

Mdogo wangu, umeniuliza kama uje ujifungulie huku kwa mumeo au ubaki Kibosho kwa mama, na shangazi ameshakwambia mtoto wa Ulaya anazaliwa na pasipoti ya Ulaya. Nakujibu bila kukuficha kitu.

Habari ya pasipoti iondoeni vichwani. Ujerumani haitoi uraia kwa sababu tu mtoto kazaliwa hapa. Mzazi mmoja awe ameishi kihalali miaka 5 na awe na ukaazi wa kudumu, na mumeo hajafika huko. Mtoto atakuwa Mtanzania, mtamwombea pasipoti kwenye ubalozi wetu Berlin.

Matibabu ni mazuri. Mumeo akishakuingiza kwenye bima yake ya umma, kliniki na kujifungua hulipii. Hubebi mfuko wa glavu na pamba. Mume anaingia nawe leba, anakukanda mgongo, hakuna anayemtoa nje.

Nilichokipenda kuliko vyote ni mkunga wa kuja nyumbani. Siku 10 za kwanza anaweza kuja kila siku, bima inalipa, na anaendelea kukutembelea mpaka wiki ya 12. Wangu alikuwa mama wa makamo. Anamfunga mwanangu kwenye kitambaa, anakitundika kwenye ndoano ya mizani ndogo ya mkononi, anasoma gramu kwa sauti, mimi roho juu. Mtoto alikuwa anapungua. Yule mama alikaa nami kitandani, akamgeuza huku na huku kwenye ziwa mpaka akanyonya vizuri. Basi mumeo aanze kupiga simu leo, hata kama mimba ni ya miezi minne, maana wakunga ni wachache na wanajaa mapema.

Lakini mkunga akishatoka, umebaki wewe na mtoto. Hapo ndipo Ujerumani inapoishia. Kwetu mzazi anakaa ndani miezi mitatu, analetewa mtori wa moto, mbuzi akichinjwa anapata kisusio, maji ya kuoga anachemshiwa, na usiku kuna mtu wa kumpokea mtoto ili alale. Wakati wangu mama hakuweza kuja. Mume alirudi zamu ya usiku, nikawa namenya ndizi nimesimama, mshono unavuta, mtoto analia chumbani. Na ndizi zenyewe za dukani siyo mshare, unazichemsha weee, mtori haushikani. Nililia juu ya sufuria ile. Majirani ni watu wema, waliacha kadi na soksi za mtoto mlangoni, ila hakuna anayeingia bila kualikwa. Ilikuwa Novemba, saa kumi na moja jioni nje giza totoro. Huzuni ya uzazi haijali hospitali uliyojifungulia ilikuwa nzuri kiasi gani, mdogo wangu, na mimi ilinikamata vibaya.

Pesa nayo: posho ya malezi unayosikia, ile ya asilimia 65 ya mshahara, ni ya aliyekuwa kazini. Wewe hujaanza kazi, kwa hiyo ukistahili utapata euro 300 kwa mwezi. Za nepi, siyo za kumlipa msaidizi.

Kwa hiyo mimi naona hivi. Kama mama atapata viza ya siku 90, njoo, na uje mapema. Kuanzia wiki ya 28 mashirika mengi ya ndege yanadai barua ya daktari, na ukikaribia ya 36 hawakupandishi. Mama atahitaji bima ya safari, na mumeo huenda akatakiwa kusaini kwamba gharama za mama ni juu yake. Mama asipopata, jifungulie Moshi, KCMC au Mawenzi, urudi Kibosho ule, ulale, upone. Mtoto naye atahitaji pasipoti na viza, itachukua miezi, na mumeo atakosa kumshika akiwa mchanga. Hilo linauma, nimeshaongea naye, na yeye mwenyewe amesema ni afadhali hivyo kuliko yaliyonikuta mimi.

Mama aende kushughulikia pasipoti wiki hii. Foleni ya viza Dar isije ikakukuta tumbo limeshakuwa kubwa.