Kabla hujasema tando zimeungana: ushauri kwa anayeanza na liposomu

Wanafunzi wa uzamili wanaonifuata hapa Dar es Salaam huja na swali linalofanana: kirusi cha mafua kinaingiaje ndani ya seli? Utando wake unaungana na utando wa seli, hilo wanalijua tayari. Wanachotaka ni kuanza na seli hai moja kwa moja. Mimi huwasihi waanze na liposomu, yaani vifuko vidogo vya utando wa kutengeneza kwa mkono, tena wasiandike neno "muungano" kwenye daftari mpaka waone vilivyomo ndani vimechanganyika.

Seli hai ina mamia ya aina za lipidi, yaani mafuta yanayojenga utando, na protini nyingi juu yake. Kitu kikitokea, hujui nani kakifanya. Liposomu ina lipidi mbili au tatu ulizozichagua mwenyewe. Ukibadilisha moja, unaona tofauti yake. Mwanasayansi Alec Bangham, akiwa Babraham karibu na Cambridge, Uingereza, alionyesha miaka ya 1960 kwamba fosfolipidi, lipidi kuu za utando, zikikutana na maji hujipanga zenyewe kuwa vifuko. Mpaka leo tunategemea tabia hiyo: unayeyusha lipidi kwenye klorofomu, unaikausha kwa nitrojeni mpaka ibaki ngozi nyembamba ukutani mwa chupa, unatia bafa (maji yenye chumvi yanayoshikilia pH), unatikisa, kisha unasukuma mchanganyiko mara kadhaa kupitia kichujio cha matundu ya nanomita 100.

Sasa angalia joto la mji wetu. Maelekezo mengi yameandikwa na watu ambao "joto la chumba" kwao ni nyuzi 20. Lipidi iitwayo DMPC hubadilika kutoka hali ya kuganda kwenda hali ya ulaini kwenye nyuzi 24 hivi. Kwao imeganda, kwetu mwezi wa pili, kiyoyozi kikizimika, ni laini kabisa. Jaribio ni lile lile kwa maandishi, utando ni mwingine. Kwa hiyo usiandike "joto la chumba", andika namba. DPPC, lipidi nyingine, hubadilika kwenye nyuzi 41, basi itie maji na uisukume kwenye kichujio ikiwa na joto zaidi ya hapo. Nyuzi 50 zinatosha.

Unyevu nao usiudharau. Chupa ya lipidi ikitoka kwenye friza, iache ipate joto la chumba kabla ya kufungua, la sivyo hewa yetu nzito itaacha maji ndani yake. Klorofomu iguse kioo tu, kamwe isiguse plastiki, maana huyeyusha vitu kutoka humo na kuviacha kwenye utando wako. Lipidi zenye vifungo viwili kwenye mikia huharibiwa na oksijeni: zijazie nitrojeni au agoni kabla ya kufunga. Na umeme ukikatika, friza isifunguliwe ovyo.

Tuje kwenye muungano wenyewe. Kipimo kinachopendwa hutumia rangi mbili zilizofungwa kwenye lipidi, NBD na rodamini. Zikiwa karibu, rodamini hunyonya nishati ya NBD. Lipidi zikisambaa kwenye liposomu zisizo na rangi, NBD inang'aa. Ni kipimo kizuri, lakini kinakuambia lipidi zimechanganyika, basi. Kila utando una tabaka mbili za lipidi: za nje zinaweza kuungana huku za ndani zikibaki mbali, kama nyumba mbili zilizounganisha baraza ilhali milango ya ndani imefungwa. Hali hiyo ni nusu-muungano, na inaweza kuishia hapo hapo. Ukitia dithionaiti, kemikali inayozima rangi hiyo, itaua NBD ya tabaka la nje tu. Mwanga unaobaki ni wa tabaka la ndani.

Halafu pima vilivyomo. Weka terbiamu, ayoni ya metali, kwenye kundi moja la liposomu na asidi ya dipikolini kwenye jingine. Zikikutana hung'aa sana. Nje weka EDTA kidogo, kemikali inayokamata terbiamu, ili kilichovuja kisikudanganye. Anza na liposomu za lipidi iitwayo fosfatidilserini, uziunganishe kwa kalsiamu ya milimola chache: ndiyo njia rahisi ya kujua kama mkono wako na mashine vinaelewana. Uvujaji upime peke yake kila mara. Binafsi, matokeo yasiyo na kipimo hicho siyaamini, hata mchoro uwe mzuri vipi.

Protini zije mwisho. Kundi la James Rothman liliweka protini za SNARE, zinazounganisha tando ndani ya seli, kwenye liposomu mwaka 1998, na nguvu ya kazi ile ilikuwa uchache wa vitu vilivyomo. Kwa mafua, hemaglutinini, protini ya kirusi inayounganisha tando, huamshwa na asidi ya pH 5 hivi, kwa hiyo zipitishe kwanza liposomu zisizo na protini kwenye asidi hiyo hiyo uone zinafanya nini. Hapo terbiamu haifai, kwa kuwa asidi huvuruga mwanga wake. Agiza jozi ya ANTS, rangi inayong'aa, na DPX, inayoizima, na uiagize mapema, maana kemikali hizi hutoka nje ya nchi.