Wati 1,000 kwa bei poa?

Swali: Shikamoo fundi. Nimeona risiva ya sinema ya nyumbani Kariakoo, boksi linasema wati 1,000, bei nafuu. Sebule yangu ni ndogo. Itanifaa? – Msomaji, Mbagala

Jibu: Marahaba. Achana na boksi, igeuze risiva yenyewe. Nyuma, karibu na waya wa umeme, pameandikwa inakula wati ngapi. Kama inakula 90, hizo 1,000 zinatoka wapi? Hiyo ni PMPO, namba ya kuuzia. Wewe ulizia RMS, yaani wati za kweli inazotoa mfululizo. Sebule ndogo, wati 30 za RMS kwa kila spika zinatosha, muulize jirani. Tazama pia omu, kipimo cha ukinzani wa spika: risiva ya omu 8 usiifungie spika za omu 4, inaweza kuchemka. Kabla hujalipa, iwekwe filamu yenye maongezi, sauti ipandishwe. Maneno yakikwaruza, iache hapo hapo kaunta.